Vichwa vya Dizeli vya Zamani: Namna ya Kuvipiga Picha na Kuokoa Picha Zake

Wapenda reli wengi huupenda mvuke. Waulize habari za reli ya zamani, watakutajia zile Garratt za aina ya 59, mashine za tani 252 zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki na kuanza kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 1955. Wageni wengi waliokuja na kamera zao miaka ya 1960 na 1970 walizifuata hizo. Dizeli ndiyo iliyokuja kuuondoa mvuke, kwa hiyo haikupendwa, na ilipopita kamera zilibaki mabegani. Marekani nako kulikuwa hivyo hivyo: mpiga picha O. Winston Link alikesha na taa zake kuanzia 1955 hadi 1960 akipiga treni za mwisho za mvuke za reli ya Norfolk and Western, na kazi hiyo ikampa jina. Waliojitolea kwa namna hiyo kwa ajili ya dizeli za mwanzo ni wa kuhesabu.

Lakini treni ambayo wengi wetu tuliiona utotoni, tukaisikia usiku ikipanda mlima na mabehewa yake ya saruji na pamba, ilikuwa ya dizeli. Sasa nayo inaondoka. Kenya ilifungua reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na Tanzania ilianza kusafirisha abiria kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam mwaka 2024. Reli ya zamani bado inafanya kazi kandokando yake, vichwa vyake vikiwa vimekarabatiwa mara nyingi. Kama unataka kumbukumbu yake, una kazi mbili: kupiga picha kilichobaki, na kuokoa picha zilizokwisha kupigwa. Ya pili ndiyo ya haraka zaidi, nitaieleza kwa kirefu huko mbele.

Kijue kichwa unachokitazama

Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilianza kupokea vichwa vya dizeli vya English Electric kwa ajili ya njia kuu mwaka 1960. Viliitwa aina ya 90, vikiwa na nguvu ya farasi 1,840, na baadaye vikapewa namba mpya, aina ya 87. Ukitaka kukitambua hata kwenye picha iliyofifia, hesabu magurudumu. Upande mmoja utaona manane, manne kwenye bogi ya mbele, yaani fremu inayoshika magurudumu, na manne kwenye bogi ya nyuma. Reli zilikuwa nyepesi, hivyo uzito ulisambazwa kwenye ekseli nane. Ekseli ya nje ya kila bogi haina mota, kazi yake ni kubeba tu. Vichwa vya aina ya 88 vilianza kuja kutoka Montreal, Kanada, mwaka 1972. Kenya ilipata pia aina ya 93 za General Electric mwaka 1978, na za aina ya 94 mwaka 1987.

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina historia yake. Njia ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi 1976, na tangu siku ya kwanza ilitegemea dizeli. Vichwa vyake vya mwanzo vilitoka Qingdao, China. Injini haikuzalisha umeme wa kuzungusha mota, bali nguvu ilipita kwenye mafuta ya haidroliki hadi magurudumuni, na mlima wa kati ya Mlimba na Makambako uliviumiza sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikaja vya umeme-dizeli vya aina ya U30C, vilivyoundwa na Krupp ya Ujerumani kwa usanifu wa General Electric. Kwa hiyo picha ya treni ya shaba inayovutwa na kichwa cha Kichina katika milima ile inatoka katika kipindi kifupi, na ukiipata usiiache.

Maandishi ya ubavuni nayo ni kalenda. Herufi za EAR&H, za lile Shirika la Reli na Bandari, ni za kabla ya bandari kutenganishwa na reli mwaka 1969. EAR peke yake inakufikisha 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na kila nchi ikachukua reli yake. Nchini Kenya na Uganda, jina la Rift Valley Railways ni la kati ya 2006 na 2017. Tanzania, kampuni ya TRL ilianza 2007, na shirika la TRC likarudi baada ya sheria mpya ya reli ya 2017. Na kichwa chenye namba inayoanza na 90 kilipigwa kabla ya kuwa 87. Jifunze haya kabla ya kutoka nyumbani, maana yatakusaidia kuchagua nini kiingie kwenye fremu: namba na herufi zisomeke.

Jua, moshi na mahali pa kusimama

Mwanga wa kwetu hauna subira. Jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na kufikia saa tatu limekwisha kupanda sana. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Katikati ya siku, hasa mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la Dodoma linapita karibu juu ya utosi. Paa la kichwa linatupa kivuli kwenye madirisha, na bogi zote zinageuka giza tupu. Hapo weka kamera begani ule chakula cha mchana.

Reli ya Kati inakwenda mashariki na magharibi, na hilo linarahisisha hesabu. Mwezi Juni na Julai jua liko kaskazini, basi simama kaskazini mwa reli likupige mgongoni. Desemba na Januari hamia kusini. Treni inayoshuka kuja Dar es Salaam asubuhi inapokea jua usoni. Inayopanda kwenda Tabora inalipokea jioni. Ukiwa na ratiba ya kubahatisha, na treni za mizigo ratiba zake ni za kubahatisha, hesabu hii itakuambia kama inafaa kungoja au kuhama upande.

Siku ya mawingu mepesi usiidharau. Vichwa vya zamani vina masizi, mafuta yaliyochuruzika na rangi iliyopauka, na wingu jembamba linaonyesha yote hayo bila kuyachoma. Pima mwanga kwenye mwili wa kichwa, si kwenye anga. Anga likipauka kidogo hakuna atakayelalamika, lakini bogi zikizama kwenye weusi umepoteza ekseli ulizokuja kuhesabu.

Mizigo kwenye reli ya zamani inakwenda polepole. Treni ya kilomita 40 kwa saa inasogea kama sentimita nne na nusu katika sehemu moja ya 250 ya sekunde, kwa hiyo ikikupita ubavuni tumia 1/500 au zaidi. Ikija kukuelekea, 1/250 inatosha. Ukitaka mwendo uonekane, shuka hadi 1/60, ifuate treni kwa kuzungusha kiuno, na uanze kuifuata kabla hujabonyeza. Kwa simu, usivute kwa vidole. Sogea mahali pengine, au kubali treni ndogo ndani ya mandhari makubwa, ambayo mara nyingi ndiyo picha bora.

Moshi wa dizeli una wakati wake. Injini za ALCO, kama ile iliyo ndani ya aina ya 88, hutema wingu jeusi dereva anapofungua nguvu, kwa sababu mafuta yanafika kwenye silinda kabla turbo haijapata kasi ya kusukuma hewa ya kutosha. Sekunde chache baadaye turbo inashika na moshi unapauka. Basi usisubiri katikati ya tambarare. Simama pale treni inapoondoka stesheni na mzigo wake, au mguuni mwa mlima, na jua likiwa pembeni ili wingu lipate umbo. Washa pia kinasa sauti cha simu. Mluzi wa turbo ya English Electric ulitambulika kwa mbali, na hakuna picha itakayokuonyesha huo.

Sasa suala la ruhusa. Stesheni, madaraja, mahandaki na karakana zinalindwa, na kamera huzua maswali. Usijifiche. Nenda kwa stesheni masta mapema, na ukamwambie kitu kama hiki: “Shikamoo mzee. Naomba ruhusa nipige picha treni ya mizigo itakapopita. Nitasimama nje ya uzio, sitavuka reli.” Akikuomba kibali cha ofisi, kitafute, barua fupi inayoeleza jina lako, siku, mahali na madhumuni hufungua milango mingi. Droni ina kibali chake cha mamlaka ya usafiri wa anga, usiirushe bila hicho. Na popote ulipo, kaa mbali na kokoto. Treni iliyojaa haiwezi kusimama ghafla, shehena inaweza kuning'inia nje ya behewa, na kichwa kinachoshuka mlima kikiwa kimepunguza nguvu huja kimya kuliko unavyodhani. Usipande darajani wala usiingie handakini kwa ajili ya picha yoyote.

Piga treni nzima

Kosa la wengi ni kupiga kichwa tu. Wanakitega kwa pembe ya robo tatu, mbele na ubavu, kinajaza fremu, wanarudi nyumbani. Hiyo ipige, ni picha ya kitambulisho. Kisha rudi nyuma hatua mia, tafuta kona, simama upande wa ndani wa mpindo, uone mabehewa yote hadi la mwisho. Shehena ndiyo inayoeleza nchi ilikuwa inaishi kwa nini: marobota ya katani kwenye njia ya Tanga, magadi kutoka Ziwa Magadi kwenda Mombasa, matangi ya mafuta yanayokwenda bara, shaba inayoshuka bandarini. Miaka 40 ijayo, atakayeitazama picha yako atataka kujua behewa lilibeba nini kuliko kujua kioo kiling'aa vipi.

Na piga watu. Muunganishaji wa mabehewa akiwa ameinama kati ya mabehewa mawili, dereva ameegemeza kiwiko dirishani, stesheni masta akimpa ruhusa ya kuingia kipande cha njia kinachofuata, mama wa ndizi anayejua kabla ya wote kwamba treni imechelewa. Waombe kwanza, waulize majina, na ukiahidi kuwapelekea nakala, wapelekee.

Kuna picha moja ya kujifunzia ambayo unaweza kuitazama bure. Jack Delano alizipiga picha reli za Marekani kwa kazi ya serikali mwaka 1942 na 1943, nyingine kwa filamu ya rangi ya Kodachrome, na mkusanyiko wake uko kwenye Maktaba ya Bunge mjini Washington, umewekwa kwenye intaneti bila masharti ya hakimiliki. Miongoni mwake kuna ya Machi 1943 inayoonyesha kichwa cha dizeli cha mizigo cha reli ya Santa Fe kikioshwa ndani ya banda la Argentine, Kansas City. Mashine za namna ile zilikuwa mpya kabisa: ya majaribio, namba 103, yenye vipande vinne na jumla ya nguvu ya farasi 5,400, ilitoka kiwandani 1939 na kuzunguka majimbo 35 ili kuwashawishi wenye reli. Santa Fe ndio waliokuwa wa kwanza kununua, maana njia yao inakatiza jangwa, na mvuke unataka maji.

Tazama Delano alichochagua. Angeweza kukisubiri kichwa kile nje, kikiwa safi, jua likikipiga. Yeye alikipiga kikiwa kinaoshwa, yaani kikiwa mikononi mwa watu wa zamu. Halafu soma maelezo yake: yanataja reli, nguvu ya farasi, kazi inayofanyika, banda, na mahali. Mistari miwili tu, na kila aliyekuja baada yake anajua anatazama nini. Mimi naiona ile kuwa picha ya dizeli ya mizigo inayofundisha kuliko zote, na sababu kubwa ni maelezo yale.

Ndiyo maana siwapendekezei watu rangi ya kahawia ya kompyuta, mikwaruzo ya kubandika, wala kona zilizotiwa giza. Dizeli za kwanza ziliingia wakati filamu ya rangi ilikwisha kuwapo. Kuzivika ukale wa 1910 ni kuzidanganya. Ukitaka ladha ya filamu, tumia filamu halisi ya nyeusi na nyeupe ya ISO 400, ambayo bado inauzwa, au acha faili la dijitali kama lilivyo. Kutu, namba iliyopigwa rangi mara tatu juu ya nyingine, taruma la chuma lililolegea, vinatosha.

Okoa zilizokwisha kupigwa

Picha bora za treni za mizigo za miaka ya 1960 na 1970 hazimo kwenye vitabu. Nyingi zimo kwenye masanduku ya familia za reli, Tabora, Morogoro, Voi, Nakuru, Kisumu, Mbeya, kwenye nyumba za madereva, mafundi na makarani waliostaafu. Zinaonyesha baba amesimama mbele ya kichwa siku alipopandishwa cheo, na nyuma yake, bila mtu kukusudia, namba inasomeka vizuri.

Adui wa kwanza ni unyevu, na kwa wanaoishi pwani ni adui wa kila siku. Toa negativu kwenye mifuko ya plastiki na uziweke kwenye bahasha za karatasi, kisha kwenye boksi lenye vipakiti vya kunyonya unyevu, juu ya kabati la chumba chenye hewa, mbali na ukuta wa nje. Ukifungua kopo la filamu ukakutana na harufu ya siki, filamu imeanza kuoza yenyewe. Itenge na nyingine, na hiyo ndiyo ya kunakili kwanza. Picha iliyonata kwenye albamu usiivute. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake taratibu, ukiuvuta kushoto na kulia, na ukiona inapinga iache, ipige picha hapo hapo ilipo. Usioshe wala usifute picha kwa kitambaa chenye maji.

Ukiwa na skana, picha za karatasi zichukue kwa dpi 600, na negativu au slaidi za milimita 35 kwa dpi 2,400 au zaidi. Huna skana? Weka picha juu ya meza karibu na dirisha lisilopigwa na jua, zima flashi, shika simu iwe sambamba na meza, na upige kila moja mara mbili. Negativu iweke juu ya skrini nyeupe ya tableti, lakini uinue sentimita chache kwa kipande cha kioo ili vitone vya skrini visionekane, kisha geuza rangi kwenye programu yoyote ya picha. Picha za karatasi za rangi za wakati ule nyingi zimegeuka nyekundu. Hifadhi kwanza faili lilivyo, ndipo urekebishe nakala. Slaidi za Kodachrome zilizowekwa gizani zinaweza kukushangaza kwa rangi zake. Ila ukikuta mkanda wa Kodachrome ambao haukusafishwa, fahamu kwamba maabara ya mwisho duniani, iliyokuwa Parsons, Kansas, ilipokea kazi hiyo kwa mara ya mwisho Desemba 2010. Rangi zake hazitoki tena. Unaweza tu kupata nyeusi na nyeupe kwa fundi anayejua.

Nakili na mgongo wa picha. Mihuri ya studio, tarehe ya kalamu, neno moja la mama, vyote hivyo ni ushahidi. Kisha kaa na mwenye picha. Mwonyeshe kubwa, kwenye skrini ya kompyuta kama inawezekana, na uulize mambo madogo: Hii ni stesheni gani? Treni inaelekea wapi? Ilibeba nini? Huyu aliyeshika taa ni nani? Maswali makubwa kuhusu maisha ya reli huleta majibu ya jumla. Namba ya kichwa huleta kisa. Washa kinasa sauti kwa ruhusa yake, na umwachie sanduku lake. Picha ni za familia. Kabla ya kuzisambaza, mwulize kama anakubali, na jina la mpigaji liandikwe vipi.

Maelezo yaandike ndani ya faili lenyewe, kwenye sehemu ya maelezo ya picha, si kwenye daftari peke yake. Taja mahali, tarehe au mwaka wa kukadiria ukisema kuwa ni kadirio, aina na namba ya kichwa, shehena, treni ilikokuwa ikielekea, waliomo kwa majina, na aliyepiga. Jina la faili lianze na mwaka ili yajipange yenyewe. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja nyumbani kwa mtu mwingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nakala nzuri moja ipeleke kwa wanaotunza historia ya reli. Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi lipo tangu 1971 na ndipo mahali pa kwanza pa kubisha hodi kwa picha za Kenya na Uganda.

Vichwa vya aina ya 88 bado unaweza kuvikuta kesho ukivitafuta. Dereva aliyekabidhiwa cha kwanza mwaka 1972 akiwa na miaka 30 sasa amepita 80. Anza naye, mwezi huu huu.